Vidonge vya kila siku navyo huumiza kichwa

MAMA mmoja jirani yangu hapa Cibitoke, muuza vitenge anayevuka Gatumba kwenda Uvira karibu kila wiki, hakosi vidonge vya maumivu katika mkoba wake. Humeza viwili kabla ya kupanda gari, viwili akifika sokoni, na jioni huongeza. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu: "Mwalimu, bila hivi hata pesa siwezi kuhesabu."

Sikumcheka, maana nami nilikuwa vivyo hivyo. Kipandauso kilinianza nikiwa mwanafunzi kambini, mkoani Kigoma. Kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga unachoma macho, na chakula hakikai tumboni. Wenyewe tulikiita malaria. Niliporudi nyumbani na kushika chaki, watu walikipa majina mengine: mawazo, uchovu wa ukimbizi, wengine wakasema ni majini. Mimi nikanunua vidonge kibandani, kimoja kimoja, mpaka ikawa kila asubuhi. Na kadiri nilivyomeza, ndivyo kichwa kilivyozidi. Kuna siku niliwaacha wanafunzi wananakili ubaoni, mimi nimeinamia meza nimefumba macho.

Ndugu msomaji, jambo ambalo wengi hatuambiwi ni kwamba dawa ya kichwa ikizidi huleta kichwa. Waganga wameweka kipimo: mwenye kipandauso akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa chanzo cha maumivu. Kwa vidonge vilivyochanganywa na kafeini, siku 10 zinatosha.

Daktari aliyenisaidia hakuanza na dawa mpya. Alinipima presha, akaniambia niandike daftarini kila siku ya maumivu, saa nilizolala, nilichokula na nilichomeza. Kisha nikaacha vidonge vya kila siku. Siku za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote, nami nilitaka kurudi kibandani. Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kupata asubuhi zisizo na maumivu. Daftari likaonyesha mengine: siku niliyoshinda na njaa, bila maji, juani, ndiyo siku ya kichwa. Wafanyabiashara wa mpakani wanaijua siku ya namna hiyo.

Kwa wanaozidiwa zipo dawa za kuzuia, zinazotumika duniani kwa miaka mingi, kama propranololi na amitriptilini. Lakini hizi si za kujinunulia, kwani propranololi humdhuru mwenye pumu. Ni kazi ya daktari kuchagua.

Sisemi kila kichwa ni kipandauso. Maumivu yaliyozuka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, homa pamoja na shingo kukakamaa, upande mmoja wa mwili kulegea, au kichwa baada ya kuanguka, hayo ni ya kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye homa apimwe malaria, asibahatishe.

Ninaloomba ni dogo. Muuza dawa akiona mteja yule yule kila siku, amwambie aende akapimwe, hata kama atapoteza faranga zake. Wakuu wa shule na waajiri wasiseme mtu ni mvivu kwa sababu amefunga macho. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wa umri wa kufanya kazi, na wanawake kuliko wanaume. Nasi tuliorudi, tusidhani kuvumilia maumivu ni sehemu ya mizigo tuliyotoka nayo kambini.

Jirani yangu nimempa daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, na mbele yake: vidonge sita. Tuanzie hapo.