Fursa ya leza na hadubini ya kabatini

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Nilikuwa nyumbani Lagangabilili, kule Itilima (kwa wanaodhani Simiyu yote ni pamba na ng'ombe, karibuni mjionee). Nikiwa huko, jamaa yangu mmoja akanirushia tangazo kwenye simu: chuo cha nje kinatafuta mtafiti aliyekwishamaliza shahada ya uzamivu, akapige picha za kemikali ndani ya seli kwa kutumia leza. Chini yake ameandika, "Fursa hiyo vijana, changamkieni!"

Nikacheka. Tuchangamkie na nini?

Nilikumbuka hadubini ya shule niliyosoma. Ilikuwa moja tu, imefungiwa kabatini, ufunguo kwa mwalimu. Tuliichora kwenye daftari, tukakariri sehemu zake, mtihani tukajibu. Kuchungulia ndani yake sikuwahi hata siku moja. Na huku baadhi ya wenzetu waliokuwa wakioga malamboni walikuwa wanakojoa damu! Mayai ya kichocho kile yanaonekana kwa hadubini ya kawaida kabisa, yana kamwiba mwishoni. Hatukuyaona.

Sasa wapo wanaosema leza ni anasa, tupeni maji na dawa kwanza. Hapo sikubaliani nao. Mwanga ukigonga molekuli, karibu wote unatawanyika na rangi yake ileile, ila sehemu ndogo sana hubadilika rangi kutegemea molekuli iliyogongwa. Mhindi C. V. Raman aliliona hilo mwaka 1928, leza yenyewe ikaja 1960. Leo watu wanatumia ujanja huo kuona mafuta na protini ndani ya seli hai bila kuipaka rangi yoyote.

Mnasema hayatuhusu? Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Glasgow walichapisha kazi ya kutambua aina na umri wa mbu kwa mwanga wa infraredi na kompyuta. Haikuwa leza, lakini ukoo ni mmoja. Na umri wa mbu si jambo dogo: akishanyonya vimelea vya malaria huhitaji kama siku 10 au zaidi kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Mbu wakifa mapema, malaria haisambai.

Halafu yupo Ahmed Zewail, Mmisri. Alisoma Alexandria, akachukua uzamivu Marekani, akafanya utafiti wa baada ya uzamivu Berkeley, nafasi kama hii hii ya kwenye tangazo. Mwaka 1999 akapata Nobel ya Kemia kwa kazi ya leza.

Kwa hiyo fursa hii kwa maoni yangu si ya kijana wa miaka 27 mwenye simu na vocha. Ni ya mtoto aliyeko kidato cha kwanza leo, na inamtaka miaka kama 15 ya maandalizi. Anayemrushia tangazo bila kumfungulia kabati anamtania.

Nilimuuliza mdogo wangu kama wao wameshaitumia hadubini. Akanijibu, "Kaka, ile ya kuangalia nyota?" Nikamwambia hiyo ni darubini.

Tangazo bado ninalo. Kama kuna mdau mwenye uzamivu wa kemia au fizikia, aniandikie nimtumie.