Simu ni Yako, Uamuzi ni wa Nani?

Katika wiki ya mwisho ya kukusanya ripoti za utafiti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kwangu akiwa ameishika simu yake kama mtu aliyebeba mgonjwa. Aliniamkia, akaketi, akanieleza kisa chake. Kwa zaidi ya siku kumi simu ilikuwa ikimwonyesha ujumbe wa kumtaka akubali sasisho la mfumo endeshi. Kila alipochagua "Baadaye", ujumbe ulirudi. Usiku mmoja alichoka, akakubali, akalala. Asubuhi aliamkia simu nyingine: inafunguka kwa kusitasita, betri inakwisha kabla ya adhuhuri, na nafasi ya kuhifadhi imejaa kiasi kwamba programu aliyoitumia kurekodi mahojiano ya utafiti wake inakataa kufunguka. Mahojiano yenyewe yalikuwa humo ndani. "Mwalimu," akaniuliza, "hii simu ni yangu au ni yao?"

Nilimwongezea siku tano, na fundi mmoja wa mjini alifanikiwa kuyaokoa mahojiano. Swali lake, hata hivyo, sikuweza kulijibu siku ile. Nimeona nilijibu hapa, kwa sababu ni swali la kisiasa kabla ya kuwa la kiufundi.

Kwa sheria na desturi zetu, anayenunua kitu hukimiliki. Aliyenunua jembe hatarajii mhunzi aje usiku kulipunguza makali. Simu janja imeivunja kanuni hiyo kimyakimya. Mnunuzi hupata chuma na kioo. Mfumo endeshi unaovipa uhai hubaki mikononi mwa kampuni, naye hupewa ruhusa ya kuutumia kwa masharti ambayo ni wachache mno wanaoyasoma. Amekuwa mpangaji katika nyumba aliyoilipia bei yote.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni yale yaliyowapata wamiliki wa iPhone mwaka 2017. Januari ya mwaka huo Apple ilitoa sasisho la iOS 10.2.1. Wakati huo wamiliki wengi wa iPhone 6 na 6s walikuwa wakilalamika kwamba simu zao huzimika ghafla ilhali betri bado inaonyesha chaji. Sababu yake inaeleweka: betri ya lithiamu huchakaa kadiri inavyotumika, na ikichakaa hushindwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo pale kichakataji kinapouhitaji. Sasisho lile lilitibu tatizo kwa kukipunguzia kichakataji kasi, ili kisiiombe betri kile isichoweza kukitoa. Kwa fundi, hiyo ni tiba yenye mantiki. Kosa ni kwamba watumiaji hawakuambiwa kuwa gharama ya tiba hiyo ni kasi ya simu zao.

Ukweli uliibuliwa na watumiaji wenyewe. Desemba 2017 mtumiaji mmoja alieleza kwamba iPhone 6s yake ilirejea katika kasi yake ya awali baada ya kuwekewa betri mpya. Siku chache baadaye John Poole, mwanzilishi wa Primate Labs, kampuni inayotengeneza programu ya Geekbench ya kupima kasi ya vifaa, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa kasi ya simu hizo ilitofautiana kufuatana na toleo la mfumo lililomo. Desemba 20 Apple ilikiri. Desemba 28 iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri, kwa simu ambazo muda wa dhamana umekwisha, kutoka dola 79 hadi dola 29.

Tuitazame tofauti hiyo ya bei kwa makini, maana ndimo dhuluma ilimojificha. Mtu aliyeona simu yake imekuwa nzito, bila kujua kwamba tatizo ni betri, alihitimisha kwamba simu imezeeka, akaenda kununua nyingine kwa mamia ya dola. Laiti angaliambiwa ukweli, angalibadilisha betri tu. Hata Tim Cook, mtendaji mkuu wa kampuni hiyo wakati huo, katika barua yake kwa wawekezaji ya Januari 2019, aliutaja unafuu wa bei ya betri miongoni mwa sababu za wateja kutonunua simu mpya kama ilivyotarajiwa. Kampuni ilikana kuwa ilikusudia kufupisha maisha ya simu ili iuze mpya, na mimi sina haja ya kuingia moyoni mwa mtu. Nia iwe njema au mbaya, aliyenyimwa habari ndiye aliyelipa.

Dola kadhaa hazikulichukulia jambo hili kuwa malalamiko madogo ya wateja. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, na Samsung euro milioni 5 kwa kuwahimiza wamiliki wa Galaxy Note 4 wapokee toleo la Android ambalo simu hiyo haikulimudu. Ufaransa, Februari 2020, iliitoza Apple euro milioni 25 kwa kutowaarifu watumiaji. Nchini Marekani kampuni ilikubali mwaka huohuo kulipa hadi dola milioni 500 ili kumaliza shauri la watumiaji, na malipo ya takriban dola 92 kwa kila dai yalianza kuwafikia walalamikaji Januari 2024, miaka saba baada ya sasisho lenyewe. Haki ilikuja kwa mwendo wa kobe, lakini ilikuja, kwa sababu palikuwa na sheria, palikuwa na chombo cha kuisimamia, na palikuwa na raia waliodai.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, nayo ina uzito. Masasisho si anasa. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro katika Android, ikaitwa Stagefright, iliyomwezesha mhalifu kuishambulia simu kwa kuitumia ujumbe wa picha au video, hata kabla mwenye simu hajaufungua. Mwaka huohuo Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi, lakini simu nyingi, hasa za bei nafuu, hazikupata kamwe marekebisho hayo. Kwa hiyo simwambii mwanafunzi wangu akatae masasisho. Anayekataa huacha mlango wazi, na leo nyuma ya mlango huo mna akiba yake ya fedha na taarifa zake zote.

Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Akikubali, huenda simu ikalemewa. Akikataa, yumo hatarini. Na akijuta, mara nyingi hawezi kurudi nyuma. Apple, kwa mfano, hufunga njia ya kurejesha toleo la zamani muda mfupi baada ya jipya kutoka. Kadhalika marekebisho ya usalama, ambayo kila mtu anayahitaji, mara nyingi hufungwa katika furushi moja na mapambo mapya ambayo simu ya zamani haiwezi kuyabeba. Ridhaa inayopatikana kwa namna hiyo ni ridhaa ya jina tu.

Kwetu mzigo huu ni mzito zaidi. Simu nyingi zinazouzwa katika maduka yetu ni za daraja la chini au zimekwishatumika kwingineko, na zinapofika mkononi mwa mnunuzi sehemu kubwa ya miaka yake ya kuhudumiwa imekwisha kupita. Sasisho moja kubwa hula bando la wiki nzima. Na simu isiyopata toleo jipya huanza kufungiwa milango: Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone zenye mfumo wa kabla ya iOS 15.1, zikiwamo iPhone 6 zilezile za mkasa wa 2017. Kwa mkazi wa Ulaya hiyo ni simu ya makumbusho. Kwa karani anayepokea maelekezo ya mkuu wake katika kundi la WhatsApp, au mwanafunzi anayetumiwa humo ratiba ya mtihani, ni kutengwa na ofisi na darasa.

Wapo watakaosema kwamba dola zetu hazina ubavu mbele ya kampuni hizo. Nawakumbusha Juni 2016, pale Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia nchi nzima. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Dola iliyoweza kuizima simu ya mama muuza mboga kwa kuwa haikukidhi viwango haiwezi kusema kwamba imeshindwa kumtaka muuzaji aandike kwenye kasha simu hiyo itahudumiwa hadi mwaka gani. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: tangu Juni 20, 2025 simu mpya zinazoingizwa katika soko lake hutakiwa kuhakikishiwa masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya uuzaji wa aina hiyo kukoma.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu nina maombi matatu. Mwaka wa mwisho wa masasisho ya usalama uwe sharti la kuidhinisha simu yoyote kuuzwa nchini. Maelezo ya kila sasisho yatolewe kwa Kiswahili, yakitaja litakachobadilisha na simu ambazo huenda likazilemea. Na huduma yoyote ya serikali inayohamishiwa kwenye programu ya simu ibakizwe pia kwenye simu ya kitufe na kwenye dirisha la ofisi, ili raia asipoteze haki yake kwa sababu kampuni ya ng'ambo imeamua kwamba simu yake imezeeka.

Kwa wanaharakati: Katiba ya Kenya, katika Ibara ya 46, inamhakikishia mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Ibara hiyo inasubiri mtu wa kuipeleka mahakamani kwa niaba ya wenye simu. Tanzania tunayo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kulinda walaji ni sehemu ya kazi yake. Tuipelekee malalamiko yaliyoandikwa vizuri, yenye tarehe na namba ya toleo, badala ya kunung'unika kwa fundi.

Na kwa mwanafunzi wangu, jibu langu ni hili: kwa sasa simu ni yako na uamuzi ni wao. Hifadhi nakala ya kazi yako mahali pengine kabla hujakubali sasisho lolote. Kisha njoo tuandike lalamiko lako pamoja.