Prizi ya gari ya umeme: fungua kifuniko mbele ya kutosha dekonti yako

Mwezi uliopita, kisha mukutano wa sendika hapa Kolwezi, papa moja alinishika mukono akanivuta pembeni. Alitumika miaka 31 mu konsantrateri, sasa iko mu pensheni. Akaniambia: "Mudogo wangu, kuya uone kitu ku nyumba."

Ile kitu ilikuwa gari ndogo ya Kijapani, ya umeme, okazyo, yenye kupita Dar es Salaam. Ilikuwa imesimama chini ya mwembe, wajukuu wanacheza ndani. Papa aliinunua na dekonti yake karibu yote, afanye nayo taxi Kolwezi–Lubumbashi. Mwenye kumuuzisha alimuambia kwamba batri inajaa kwa nusu saa. Na kwa kweli hakusema uongo: inajaa kwa nusu saa ao zaidi kidogo, lakini ni pale penye borni ya kinywa sawa na cha ile gari. Papa alitafuta hiyo borni barabara yote, hakuipata. Ku nyumba gari inakunywa umeme wa prizi ya ukuta, usiku mzima, kama kuko umeme. Kisha akaendea kijana wetu moja, fundi wa umeme ku shantiye, akamuomba akate kichwa cha kable na kuweka ingine. Kijana alikataa. Alifanya muzuri sana, na nitaeleza juu ya nini.

Niliahidi wale wenye kuwa mu mukutano kwamba nitaandika juu ya hizi prizi, sababu maswali yalikuwa mengi. Watu wanafikiri gari ya umeme ni kama telefone kubwa. Basi tuanzie hapo.

Mnakumbuka telefone za zamani: Nokia na tundu yake ndogo, ingine na tundu kubwa, ingine pana. Mu nyumba moja sharjeri tano, na hakuna yenye kuingia mu telefone ya mugeni. Hiyo vita iliisha namna gani? Ulaya ilisema tangu tarehe 28 Desemba 2024 kila telefone mupya yenye kuuzishwa kwao iwe na kinywa kimoja, kile cha USB-C. Hata Apple ilikubali. Kwa magari ni mambo ya namna ile ile, lakini hasara yake ni kubwa zaidi, na vita haijaisha dunia mzima.

Gari ya umeme inajazwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya pole pole: umeme wa nyumba unaingia mu gari, na kuko kisanduku kidogo ndani yake chenye kuugeuza kuwa umeme wa batri. Prizi ya ukuta ya kwetu inatoa kama kilowati 2. Batri ya kilowati-saa 40 itaomba saa 18 mpaka 20. Njia ya pili ni ya haraka: kisanduku kikubwa kiko inje, njo ile borni, kinageuza umeme pale pale na kuusukuma moja kwa moja mu batri. Borni za kwanza zilikuwa za kilowati 50. Leo kuko za 150, na hata za 350. Tofauti yake ni kama robine ya nyumba na pompi ya kutosha maji mu kalyeri.

Kwa njia ya pole pole mutu hakosi namna ya kupona. Ni ku ile ya haraka njo vinywa vimeachana. Na vimeachana sababu wenye kuvitengeneza hawakukaa pa meza moja.

Wajapani walitangulia. Mwaka 2010 kampuni ya umeme ya Tokyo, pamoja na Nissan, Mitsubishi, Toyota na wenzao, walianzisha CHAdeMO. Wanasema hilo jina linachezea neno lao la kualika mutu anywe chai, maana ungemaliza kikombe gari ikiwa imeshiba. Nissan Leaf ilitoka mwaka ule ule na hicho kinywa. Mwaka 2012 Wajerumani na Wamarekani (Volkswagen, BMW, Daimler, Ford, General Motors na wengine) walileta yao, Combo, yenye kuitwa pia CCS. Lakini hata wao hawakufanya moja: Combo 1 ni ya Marekani, Combo 2 ni ya Ulaya. Mwaka ule ule Tesla ilitosha Model S na kinywa chake peke yake, kidogo na chepesi. China nayo iliandika sheria yake, GB/T, mwaka 2011, ikaitengeneza tena 2015. Vinywa vinne ao vitano kwa kazi moja.

Sasa angalieni nani alishinda na namna gani, sababu hapo njo kuko fundisho kwetu watu wa sendika.

Ku Ulaya ni sheria iliamua. Oktoba 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kwamba borni za haraka za watu wote ziwe angalau na Combo 2. Hawakukataza CHAdeMO; waliacha iwekwe pembeni. Lakini mwenye kujenga borni anajua kuhesabu: kama sheria inamulazimisha kable moja, ya pili ataiweka leo, kesho ataiacha. Nissan yenyewe ilipoleta gari yake ya Ariya ku Ulaya na Marekani, iliiwekea Combo. Tesla pia iliinama: Model 3 ilifika Ulaya na Combo 2.

Ku Marekani ilikuwa kinyume. Serikali ilitenga dola miliari 5 kwa borni za barabara kubwa, ikadai kila moja iwe na Combo. Lakini Tesla ilikuwa na borni nyingi kupita wote, na zilikuwa zinatumika. Novemba 2022 ilifungua siri ya kinywa chake na kukiita NACS. Mwezi wa tano 2023 Ford ilikubali, mwezi wa sita General Motors, kisha wengine karibu wote wakafuata mustari. Mwenye borni aliwashinda wenye sheria. Leaf mupya yenye kuuzishwa Marekani sasa iko na kinywa cha Tesla kwa kujaza haraka; ile ya kwanza kabisa, ya CHAdeMO, hata mama yake hamutambui tena.

Na ile gari ya zamani ya CHAdeMO? Ku Japani borni zake ziko bado, haina shida. Lakini Japani inapotosha okazyo zake, zinaenda wapi? Sisi watu wa Katanga hatuhitaji mutu atuambie: barabara zetu zimejaa magari ya volant ya kuume. Kinywa chenye kuachwa na wenye feza kitafika kwetu na bei ya chini, na bei ya chini njo yenye kumuvuta mutu wa pensheni.

Upande mwingine kuko China. Gari yenye kutengenezwa China kwa kuuzishwa Ulaya inawekewa Combo 2. Yenye kutengenezwa kwa soko ya China yenyewe iko na GB/T, na mufanya biashara anaweza kuinunua kule na kuileta Afrika vile iko. Ethiopia ilikataza kuingiza magari ya petroli mwaka 2024, na magari mengi ya umeme yenye kuijaza yanatoka China. Hapa kwetu makampuni mengi ya shaba na kobalti ni ya Wachina. Siku wataleta mabasi ao makamio ya umeme, wataleta na borni zao nyuma ya ukuta wa kampuni, na kinywa kitakuwa cha kwao. Siwalaumu, kila mutu analeta chombo anachokijua. Lakini kama inje ya ukuta province ao mufanya biashara mwingine ataweka Combo 2, na barabara inaleta CHAdeMO ya Japani, tutakuwa na vinywa vitatu mu muji moja wenye delestaji kila juma.

Nirudilie sasa yule kijana fundi. Papa alifikiri kable ni kable: kata hapa, funga pale. Ingekuwa mu pompi ya maji, labda. Lakini mbele ya borni kuachilia umeme, inaongea kwanza na gari. Gari inasema: batri yangu iko na volti hizi, inaweza kupokea ampere hizi, sasa simama. CHAdeMO na GB/T zinaongea kwa waya zao za pekee, namna ile kompyuta za ndani ya gari zinaongea. Combo inapitisha maneno yake kwa namna ingine kabisa, juu ya waya moja ya alama. Ukifunga kichwa cha moja ku kable ya ingine, ni kama kuweka Mujapani na Mujerumani pa simu bila mufasiri: borni haitasikia kitu, haitatoa kitu. Na kama mutu mwerevu ataidanganya itoe, pale kuko volti 400 za umeme wa batri, ku gari zingine 800. Mafundi wa substation wanajua: cheche ya ule umeme haizimiki kwa urahisi.

Adaptateri za kweli ziko. Kati ya Tesla na Combo ni kipande chepesi, sababu siku hizi vyote viwili vinaongea luga moja, ni umbo tu lenye kubadilika. Kati ya Combo na CHAdeMO inaomba kisanduku chenye kompyuta ndani, cha bei kali. Zile za kuuzishwa bila jina, mutu asiziguse. Na kwa wakubwa wa shantiye nasema hivi: siku mutaleta chombo cha umeme, formation ya mafundi iandikwe mu konvansyo mbele ya chombo kushuka ku kamio, hapana kisha mutu kuungua.

Swali lingine lilitoka mu mukutano, na lilitoka kwa mama moja, bibi ya mukreseri: "Hizi prizi zikibadilika, kobalti yetu itaanguka bei?" Hapana, mama. Prizi haina kobalti. Iko na shaba, na kable ya borni iko nayo nyingi, mpaka ku Marekani na Ulaya wezi wanazikata usiku kama vile hapa wanakata za kwetu. Chenye kugusa kobalti kiko ndani ya batri. Kuko batri za aina ya LFP, za chuma na fosfati, zenye hazina kobalti hata gramu moja, na mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya batri zote za magari ya umeme duniani. Gari ya LFP na gari ya kobalti zinaweza kuwa na kinywa kimoja; huwezi kujua kwa kuangalia prizi. Hiyo ni habari ya siku ingine.

Lakini swali lake lilinipa wazo. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilifunga kobalti isitoke inchi. Mwezi wa kumi ikaweka kota, tani 96.600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Wengine wetu tuliumia, shantiye zingine zilipunguza kazi, na bado nina maneno juu ya ginsi watumikaji walisahauliwa mu ile hesabu. Lakini dunia mzima ilisikiliza. Inchi yenye kuweza kusema kobalti itoke namna gani, inaweza kusema pia prizi iingie namna gani.

Mimi sina kichwa ngumu juu ya kinywa gani. Kama wananiuliza, ningesema Combo 2, sababu viwanda vya Ulaya na vya China vyote vinajua kuitengeneza, na pembeni kable ya GB/T ku borni ile ile. Borni za kable mbili si ajabu. Chenye nakataa ni kungoja mpaka kila kampuni ipande yake nyuma ya ukuta, kisha watuambie imechelewa.

Kwa mwenye kutaka kununua leo: usiulize tu kilometre na mwaka. Omba foto ya kifuniko kikiwa wazi. Tundu kubwa la mviringo lenye mashimo mawili manene kushoto na kuume, na tundu lingine dogo pembeni yake, ni CHAdeMO. Kinywa kimoja kirefu, juu mashimo saba madogo, chini mawili manene, ni Combo 2. Matundu mawili ya mviringo, moja na mashimo tisa, ingine na saba, ni ya China. Kisha uulize wapi, mu barabara yako, kuko borni ya kile kinywa. Kolwezi–Lubumbashi ni kilometre karibu 300, na batri ya okazyo haikufikishi bila kukunywa njiani.

Papa ameacha mawazo ya Lubumbashi. Usiku umeme ukirudi anafunga waya ku ukuta. Saa sita za moto zinamupa kilometre kama 70. Asubui anabeba wamama wa soko hapa hapa muji, mpaka mushale ushuke, kisha anarudi chini ya mwembe na kungoja.