KICHUMA KILICHO MWILINI LAZIMA KIANDIKWE



Fundi anasaga chuma. Kipande kidogo kama punje ya mchanga kinaruka na kumwingia jichoni. Akifika hospitali anasema tu, "Jicho lauma." Kwenye kadi yake panaandikwa macho mekundu. Tangu hapo, kwa makaratasi, huyo hakuumia kazini. Ni mgonjwa kama aliyeambukizwa nyumbani.

Wengine watasema haya ni mambo ya makarani. Sisi twasema ni mambo ya mkate wetu. Katika kitabu cha kumi cha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, ambacho nchi zilianza kukitumia mwaka 1994, kila ugonjwa una herufi na namba yake. Macho mekundu ni H10. Kitu kilichokwama juu ya kioo cha jicho ni T15.0. Kitu kilichotoboa jicho na kuingia ndani ni S05.5. Tena iko Y96, ya kuonyesha kwamba jambo limetokana na kazi. Karani hufuata kalamu ya daktari, na daktari hawezi kuandika asiloambiwa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya mafao ya wanaoumia kazini yamtaka tajiri, akiisha kuarifiwa, apeleke habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7. Lakini ajali isipoarifiwa kwa tajiri katika miezi 12, haki yaweza kupotea. Atadai nini mtu ambaye kadi yake yasema macho mekundu?

Wala si fedha tu. Chuma kikibaki ndani ya jicho hushika kutu, na kutu huweza kulipofusha polepole. Miaka ikipita, mtu huyo akiingizwa katika mashini ya picha yenye sumaku kali, kichuma chaweza kusogea na kumharibu.

Basi kila mwanachama amwambie daktari mambo manne: ni kitu gani kilichoingia, kiliingia wapi, alikuwa akifanya kazi gani, na siku gani. Aombe iandikwe kama kimetolewa chote au kimebaki. Aombe nakala na kuiweka. Tena amwarifu tajiri siku ile ile, mbele ya mjumbe wa chama.

Nanyi matajiri, msimpeleke mtu hospitali na barua isemayo "mgonjwa" tu. Andikeni ajali.

Umoja ni Nguvu.