Hapana ya mnadani

Mwaka juzi nilitoka Tandahimba kwenda Mtwara mjini kwenye semina ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mimi ni mwalimu, si mtaalamu mkubwa, ila vijana wangu nawafundisha kwa kompyuta chache tulizonazo. Muda wa maswali ulipofika nikasimama. Nikasema masomo tunayopewa yanadhani kila mtu ana intaneti saa zote. Huku kwetu bando likiisha, somo limekufa. Nikasema pia kwamba programu ikigoma, maelezo ya kosa yanatoka kwa Kiingereza kikavu, mtoto anadhani kaharibu mashine. Nikapendekeza tuandae kijitabu cha Kiswahili cha makosa yanayojirudia, kisichohitaji intaneti. Kurasa za mfano nilikuwa nazo mkobani.

Mtoa mada akatabasamu. "Mwalimu, Python ni hiyo hiyo dunia nzima. Kama huiwezi, lugha zipo nyingi." Ukumbi ukacheka. Nikakaa, kurasa zangu mkobani.

Nalileta hili kwenu watu wa fasihi kwa sababu jibu lile mnalijua. Ukisema shairi la fulani limelegea, unaulizwa wewe umetunga mangapi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, watu wa vina na mizani walikuwa na hoja, na watu wa mashairi huru walikuwa na hoja. Lakini pumzi ngapi ziliishia kwenye kubishana nani aitwe mshairi na nani asiitwe! Hoja inaulizwa kitambulisho kabla haijakaribishwa kiti.

Sisi wa korosho tuna desturi nyingine. Mnadani bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya wakulima wenyewe, na mkulima ana haki ya kusema hapana. Oktoba 2018 huku Tandahimba na Newala tulisema hapana kweli kweli. Bei zilikuwa hazilingani na jasho. Hakuna aliyetuambia kama hamtaki korosho limeni mbaazi. Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Yaliyofuata ni hadithi ndefu, na si yote matamu, lakini ile hapana ilisikika kama neno la mwenye mali, haikusikika kama matusi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yule bwana alikuwa anaitetea Python kwa tabia ambayo Python yenyewe haikukulia. Tangu Guido van Rossum aitoe mwaka 1991, imekuwa ikibadilika kwa kubishana. Anayetaka badiliko kubwa anaandika waraka, wanauita PEP, na ndani yake anatakiwa aeleze hata mawazo yaliyokataliwa na kwa nini yamekataliwa. Waraka ukikataliwa wenyewe, hautupwi. Unabaki, mtu wa kesho ausome. Hebu fikiria wahariri wetu wa vitabu wangekuwa na daftari kama hilo!

Sisemi kule ni peponi. Mwaka 2018 waliumizana vibaya kwa ajili ya alama moja mpya, nukta mbili na usawa (mimi siitumii, naiona urembo tu), mpaka van Rossum, baada ya kuikubali, akajiuzulu uongozi Julai ile ile. Jumuiya haikuvunjika. Mwaka 2019 ikachagua baraza la watu watano kushika nafasi ya mtu mmoja.

Na lipo la karibu zaidi na sisi. Novemba 2023 mkutano wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar. Ombi la waandaaji la msaada wa fedha lilikuwa limechukua muda mrefu mno kwenye taasisi inayosimamia Python kule Marekani. Desemba, waandaaji wa Kiafrika wakaandika barua ya wazi, wakalalamika kwa hoja. Wangeweza kuambiwa mkono unaopokea haubishi. Badala yake taasisi ikajibu hadharani, ikakiri kuchelewa, na mwaka uliofuata ikatoa ripoti ya namna inavyogawa fedha na ikaweka saa maalumu za watu kuuliza maswali. Wamemaliza kila kitu? Sidhani. Lakini walioandika walijibiwa kama wenzao.

Najua mtaniambia wakosoaji wengine ni wagomvi tu. Kweli. Mwaka 2000, kwenye kikao cha wakuu wa lugha ya Perl, Jon Orwant alirusha vikombe ukutani akisema lugha yao inadumaa. Kikombe si hoja. Wenzake wakasikia kilichokuwa nyuma ya kikombe, ila wakapitiliza: wakaamua kuiandika upya lugha nzima, na kazi ikafika toleo lake la kwanza kamili mwaka 2015. Miaka kumi na mitano jamani! Kwa hiyo sidai kila anayelalamika apewe anachotaka. Yule mtoa mada angeweza kuniambia kijitabu hakina fungu, au kwamba mtoto akizoea Kiswahili atakwama mbele ya safari. Hapo tungebishana mpaka giza liingie, na huenda ningeshindwa. Nilichonyimwa ni hiyo sababu.

Kijitabu nimekiandika mwenyewe, kurasa kumi na mbili, kimechapwa stesheni ya hapa mjini. Ukurasa wa nne niliandika kwamba mstari unaotajwa na kompyuta ndiyo wenye kosa. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaja na daftari: mabano aliyasahau kuyafunga mstari wa tano, kompyuta ikalalamika mstari wa sita. "Mwalimu, hapa umetudanganya."

Nilinuna, siwafichi. Nilitaka kumwuliza yeye ameandika vijitabu vingapi. Kesho yake nikarudi stesheni na ukurasa wa nne mpya.