Sindano Bila Mizani
Safu ya Jumapili, na Mama Zuhura

Jumanne hii, katika duka la dawa la mtaani kwetu, nimemshuhudia muuzaji akimchoma bibi wa rika la mama yangu sindano ya jentamisini, ile mnayoiita jenta. Hakumuuliza uzito. Hakumuuliza kama ametapika, kama ana kisukari, wala anameza dawa gani nyingine. "Bibi, UTI yako sugu hii. Utachomwa siku saba."

Mnaonisoma kila Jumapili mnajua nilivyo na neno na hiyo "UTI sugu", wanayopewa watu ambao mkojo wao haujafika maabara. Leo naiacha, kwa kuwa kuna kubwa zaidi.

Nikamuuliza yule kijana: dozi umeipigia hesabu ya kilo ngapi?

"Shangazi, watu wazima wote dozi yao moja."

Si kweli, na kosa hilo linaua figo. Jenta imejulikana tangu 1963, na madhara yake yanafundishwa kwa kila anayesomea dawa. Hutoka mwilini kupitia figo, na njiani sehemu yake hunaswa na seli za mirija ya figo, ikarundikana siku hadi siku. Madhara huanza kuonekana baada ya siku tano hadi saba, tena mara nyingi mkojo ukiendelea kutoka kama kawaida, mgonjwa asione cha kumshtua. Kinachofichua ni kipimo cha damu, kreatinini. Mzee, aliyeishiwa maji mwilini, anayemeza diklofenaki kwa ajili ya magoti, yumo hatarini zaidi. Bibi yule alikuwa ameshika pakiti ya diklofenaki mkononi. Kauziwa hapo hapo.

Dawa yenyewe siigombi. Imeokoa vichanga wengi, na wodini ikisimamishwa mapema figo nyingi hupona. Lakini masikio ikiyaharibu, usikivu haurudi.

Fedha nazo zinachangia haya: sindano saba zinauzika, kipimo cha damu hakimo dukani. Nilipotaka kumpeleka bibi kituo cha afya alikataa. Zote saba ameshazilipia.

Hatua chache kutoka mlangoni kuna kijana mwenye mizani, anapima watu uzito kwa shilingi 200. Mkaguzi akija ataangalia leseni ukutani. Atoke nje pia, amuulize kijana yule ni wangapi waliochomwa jenta humo ndani ambao walitumwa kwake kwanza.