Risasi ya Bujumbura hufunga njia ya Kobero

Hofu kwamba anayepinga utawala uliopo atauawa si ya wanasiasa peke yao. Burundi ni shahidi. Prince Louis Rwagasore, aliyedai uhuru, aliuawa Oktoba 13, 1961. Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi Oktoba 21, 1993, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Vita vikafuata. Yalipotokea mapinduzi ya Julai 1996, majirani waliiwekea nchi hiyo vikwazo vya biashara hadi Januari 1999. Mafuta yakaadimika, bei zikapanda, magendo yakashamiri. Ndugu msafirishaji, usiulize ushuru na bei ya dizeli tu. Uliza pia kama mpinzani huko uendako analala salama. Asipolala yeye, mzigo wako nao utalala njiani.